Samaki wa maji chumvi anakula lakini anakonda: kusoma choo chake na kumtibu tumbo, hatua kwa hatua

Wadau wa matangi ya maji chumvi, swali hili haliishi: samaki anakula, anachangamka mkono wako ukikaribia kioo, lakini kila siku anazidi kukonda na choo chake ni cheupe kinaning'inia nyuma. Na jibu la kwanza utakalopewa na kila mtu ni "tia Flagyl," yaani metronidazoli, dawa ya vijidudu. Mara nyingine ni sawa, mara nyingine unatia dawa ya vijidudu kwa samaki mwenye minyoo, wiki mbili zinaenda, alafu unashangaa amekufa na dawa alipata.

Mi nashughulika na samaki wa mapambo huku Pwani ya Kenya, wale wanaovuliwa kwa nyavu za mkono kuanzia Kilifi mpaka kule Shimoni, kangaja wa buluu, vitatange, na wengineo. Samaki wa baharini karibu wote wanatoka na wadudu wao tumboni, na huko baharini wanaishi nao vizuri tu. Shida inaanza akishavuliwa. Anakaa kwenye ndoo, anakaa bandani, anafungishwa njaa siku moja au mbili kabla ya safari ili asichafue maji ya mfuko, anasafirishwa, anaingia tangi geni. Mwili umechoka na utumbo mtupu, hapo ndo wadudu wanapata nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo usimlaumu sana aliyekuuzia, we jipange kutibu mapema angali anakula, maana dawa nyingi za tumbo njia yake nzuri ni mdomo, na mdomo ukishafungwa umebaki na njia dhaifu.

Hatua ya 1: hakikisha ni tumbo kweli

Pima maji kwanza. Amonia sifuri, naitraiti sifuri, chumvi kama 1.025 kwenye haidromita, joto nyuzi 25 mpaka 27. Maji mabovu yanamfanya samaki yeyote akatae chakula, na ukimpa dawa juu ya amonia unamuongezea mzigo tu.

Alafu angalia anavyopumua. Akiwa anahema haraka, anasimama mbele ya pampu, ana vumbi au vidoto au utelezi mwingi mwilini, hiyo sio shida ya tumbo, ni ya matamvua na ngozi na inaua ndani ya siku chache, ishughulikie hiyo kwanza. Kama sahivi unatibu kwa kopa (dawa ya shaba inayotiwa majini), jua kopa yenyewe inakata hamu ya kula.

Na tumbo lililovimba lisikudanganye. Samaki aliyevutwa juu haraka kutoka kina kirefu hewa ya kibofu chake inatanuka, anaelea kichwa chini mkia juu, tumbo gumu. Huyo hana minyoo. Na akivimba mpaka magamba yanasimama wima, hapo ni mambo ya figo au bakteria, sio kufunga choo.

Hatua ya 2: mtenge, na uweke kitu cheusi chini ya kioo

Tangi la karantini la lita 60 linatosha kwa samaki mdogo au wa wastani. Filta ya sponji iliyokwisha komaa, jiwe la hewa, vipande viwili vitatu vya paipu ya plastiki ajifiche. Usiweke mchanga wala mawe. Watu wengi wanatumia karantini yenye sakafu nyeupe alafu wanatafuta choo cheupe juu yake, hawakioni! Tandika nailoni nyeusi chini ya kioo kwa nje, kila kitu kitaonekana.

Kwa nini usitibu kwenye tangi kubwa? Fenbendazoli, dawa ya minyoo utakayoiona hatua ya 5, inaua konokono na inaweza kudhuru baadhi ya matumbawe na viumbe vingine visivyo na uti wa mgongo, na inabaki kwenye mawe muda mrefu. Alafu kwenye tangi la samaki saba utajuaje choo ni cha nani.

Hatua ya 3: soma choo na mgongo

Hapa ndo kazi yenyewe, usipaharakishe. Mlishe, alafu kaa mbele ya tangi na chai yako.

Choo kizuri kinafuata rangi ya chakula, kinakatika na kuzama. Kangaja aliyekula mwani atatoa kijani cha kukolea, aliyekula tembe za chakula zenye rangi nyekundu atatoa nyekundu, kwa hiyo kabla hujasema ni damu kumbuka ulimpa nini.

Choo cheupe kwa samaki aliyefika juzi na hajala kitu ni ute wa utumbo tu, hakuna chakula ndani. Hiyo mpe muda. Tofauti ni huyu: anakula kila siku, na bado choo ni cheupe au cha kung'aa, chembamba, kirefu, kinamfuata hakikatiki, leo, kesho, keshokutwa. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni vijidudu vya flajeleti, kina Spironucleus na jamaa zao. Ukiona ndani ya ule weupe kuna vipande bapa vilivyogawanyika, waza tegu. Ukiona kitu chembamba kinajipinda chenyewe, au kimechungulia kwenye tundu la haja na kurudi ndani, hao ni minyoo ya mviringo.

Choo kinachoelea na mapovu mara nyingi ni hewa, samaki anafyonza tembe juu ya maji na kumeza hewa nazo. Zamisha chakula kwa vidole uone kama itaisha. Chakula kinachotoka kama kilivyoingia, umelisha vipande vikubwa au vitu vilivyokaushwa bila kuvilowesha.

Sasa mgongo. Mwangalie kwa juu na kwa mbele, sio kwa ubavu peke yake. Tumbo lililoingia ndani linaweza kuwa njaa ya jana tu, ukimlisha linarudi. Lakini nyama ya mgongo nyuma ya kichwa ikishapungua, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, huyo amekuwa mgonjwa muda mrefu na kurudisha hiyo nyama ni wiki nyingi.

Hatua ya 4: hadubini, kama unayo

Hadubini ya shule ya sekondari inatosha, kuanzia ukuzaji wa mara 100 mpaka 400. Nyonya choo kibichi kwa sirinji isiyo na sindano uliyoifunga kimrija mbele, dakika hiyo hiyo kilipotoka, kikilala hakina faida. Weka kidogo kwenye kioo, ongeza tone la maji ya tangi lile lile. Usitumie maji ya bomba, vijidudu vya bahari vikikutana na maji baridi (yasiyo na chumvi) vinapasuka na utaona patupu ukadhani samaki mzima. Flajeleti utaviona vinakimbia huku na huku kwa kasi. Viwili vitatu ni kawaida, uwanja mzima unachemka ndo ugonjwa. Mayai ya minyoo yametulia, mengi yana umbo la duara au la yai, na ganda linaloonekana wazi.

Huna hadubini? Basi hatua ya 3 ifanye kwa uaminifu, na utibu kitu kimoja kimoja.

Hatua ya 5: chagua dawa na uitie kwenye chakula

Flajeleti: metronidazoli. Haigusi tegu wala minyoo ya mviringo, hilo likukae.
Tegu: prazikwanteli, ile ile ya kichocho. Haigusi minyoo ya mviringo.
Minyoo ya mviringo: fenbendazoli, ya duka la dawa za mifugo.

Metronidazoli ni dawa ya binadamu ya kuandikiwa, ongea na daktari wa mifugo, na duka la dawa waambie ukweli kwamba ni ya samaki. Na hii ni kwa samaki wa mapambo peke yake. Marekani na Umoja wa Ulaya wameikataza kwa wanyama wa kuliwa, kwa hiyo kama tasi wako wataishia kwenye sufuria, achana nayo.

Namna ya kutengeneza. Kipimo cha metronidazoli ni miligramu 10 kwa kila gramu ya chakula, siku 5 mfululizo. Kidonge kimoja cha miligramu 400 kinatosha gramu 40 za mchanganyiko mzima. Pima gramu 25 za kamba na ngisi waliosagwa na kukamuliwa maji, kwa kangaja nusu yake iwe mwani. Kijiko kimoja cha chai cha jelatini isiyo na ladha kiyeyushe kwenye kijiko kimoja kikubwa cha maji ya moto, subiri yawe vuguvugu. Saga kidonge kati ya vijiko viwili mpaka kiwe unga laini kabisa, changanya kwenye jelatini, alafu mimina kwenye chakula, koroga, tandaza kwenye sahani bapa, weka friji. Ikiganda kata vipande vidogo kuliko mdomo wake, hifadhi kwenye friza.

Jelatini ina sababu. Metronidazoli ni chungu mno, na ukinyunyizia unga juu ya chakula nusu inaishia majini na nusu nyingine samaki anaitema. Ikifungwa ndani ya jelatini anameza. Wengine wanatia kitunguu saumu, mi naona kinasaidia harufu tu, sio dawa ya minyoo, msidanganyane.

Mlishe mara mbili kwa siku, kile anachomaliza ndani ya dakika mbili tatu, yaliyobaki nyonya kwa mrija.

Fenbendazoli unatengeneza vivyo hivyo, ila soma lebo! Ile ya asilimia 10 ni mililita 1 kwa gramu 40 za mchanganyiko. Ya asilimia 2.5 ni mililita 4, kwa hiyo punguza maji ya jelatini. Tikisa chupa kwanza maana dawa inakaa chini. Siku 3, alafu rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi raundi ya kwanza. Muuzaji akikwambia "hiyo hakuna, chukua albendazoli ni zile zile," sio zile zile, na vipimo hivi sio vyake.

Prazikwanteli mimi naitia majini: miligramu 2.5 kwa lita, yaani robo ya kidonge cha 600 kwa lita 60. Haiyeyuki vizuri, isage, itikise kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu, mimina na ule uweupe wake. Ongeza hewa, maji yanaweza kuchafuka kwa bakteria na oksijeni ikashuka usiku.

Usitie zote tatu siku moja. Akipona hutajua nini kimemponya na akifa hutajua nini kimemuua.

Hatua ya 6: amegoma kula

Hapa bahati kidogo iko upande wetu, samaki wa baharini anakunywa maji muda wote kwa sababu chumvi inamnyonya maji mwilini, wa maji baridi hanywi hivyo. Kwa hiyo dawa iliyo majini inafika utumboni, japo kidogo. Metronidazoli miligramu 6.6 kwa lita, kidonge cha 400 kwa lita 60, siku moja ndiyo siku moja hapana, mara tatu, na kila kabla ya dozi badilisha robo ya maji. Toa mkaa wa filta, zima skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) na taa ya UV, punguza mwanga. Huku unamtega na chakula hai: kamba wadogo, chaza aliyepasuliwa aking'ang'ania ganda lake, mwani mbichi wa mawe kutoka sehemu isiyo na mfereji wa maji machafu. Akidonoa tu, hamia kwenye chakula chenye dawa.

Hatua ya 7: kafunga choo

Tumbo limejaa, hakuna choo siku kadhaa, lakini anapumua sawa na magamba yamelala. Chumvi ya haluli, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 20, iyeyushe pembeni kwanza. Msimamishie chakula siku moja, alafu mpe laini. Siku 3 au 4, kisha badilisha maji. Isipofunguka, waza kitu kingine, uvimbe au amemeza jiwe.

Hatua ya 8: kumrudisha mwili

Choo kikirudi rangi, ndo kwanza kazi nusu. Lisha kidogo kidogo mara nne tano kwa siku. Kangaja mwani uwepo mchana kutwa. Usilishe moyo wa ng'ombe, mafuta yake yanaishia kwenye ini. Dagaa wabichi wasiwe chakula cha kila siku pia, wanabeba kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Ukifuata yote haya na bado anakauka, ana vidonda visivyopona au macho yametoka, waza kifua kikuu cha samaki, Mycobacterium marinum. Hakina tiba ya maana tangini na kinaingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa mkono. Vaa glavu, mtenge moja kwa moja au mpumzishe (muue bila mateso), na nyavu na mirija yake usiipeleke tangi lingine.

Maji ya matibabu yapitishe kwenye mkaa usiku mzima kabla ya kuyamwaga, na uyamwage chooni. Ukiwa unakaa ufukweni usiyarudishe baharini, na samaki aliyetibiwa usimrudishe pia.