Sindano za selulaiti: uliza kilichomo kwenye bomba kabla hujalala kitandani

Selulaiti ni vishimo kwenye ngozi ya makalio na mapaja. Anza kujipima nyumbani. Washa taa ya juu, ipe kioo mgongo, legeza misuli, mtu akupige picha. Vishimo vikionekana umesimama tu, hilo ni daraja la pili. Vikibaki hata ukilala kifudifudi, ni la tatu. Kama vinajitokeza tu unapobana ngozi kwa vidole, uko daraja la kwanza, na kwa maoni yetu huna sababu ya kuchomwa sindano yoyote. Kipimo hiki ni cha madaktari Nürnberger na Müller, cha mwaka 1978, na bado kinafaa. Tahadhari moja: michirizi si selulaiti. Michirizi ni ngozi iliyochanika kwa ndani, na dawa tunazozieleza hapa si zake.

Sasa fikiria godoro la sufi lililopigwa vifundo. Uzi unavuta kitambaa chini, sufi inafura pembeni. Makalio na mapaja ya mwanamke yako hivyohivyo: nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, zimesimama wima kutoka kwenye ngozi kwenda chini, na mafuta yanachungulia katikati yake. Kwa wanaume nyuzi hizo zimepishana kama wavu, ndiyo maana wengi wao hawana vishimo. Kupunguza sufi hakukati uzi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari si bei. Ni hili: dawa hii inakata nyuzi, inakaza ngozi, au inayeyusha mafuta?

Dawa ya kukata nyuzi iliyopata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa selulaiti ilikuwa moja, Qwo, Julai 2020. Ni kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni. Kila kalio lilichomwa pointi 12, kila pointi mililita 0.3 iliyogawanywa mara tatu: theluthi moja wima, moja sindano imelazwa kuelekea kichwani, moja kuelekea miguuni. Mizunguko ilikuwa mitatu, siku 21 kati yake. Tatizo ni kwamba kimeng'enya kilidhoofisha pia mishipa midogo ya damu iliyo jirani. Katika majaribio, zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 walivilia damu, na wengine walibaki na madoa ya kahawia kwa miezi. Desemba 2022 kampuni ya Endo ilitangaza kuacha kuitengeneza. Ukiambiwa leo kwamba ipo, taka kuona chupa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, halafu ujiulize imetoka wapi.

Zinazotumika zaidi sasa ni za kukaza ngozi. Hazikati uzi, zinaichokoza ngozi itengeneze kolajeni, iwe nene, kishimo kisionekane sana. Zote mbili maarufu, Radiesse na Sculptra, ziliidhinishwa Marekani kwa maeneo mengine ya mwili, kama uso, si kwa selulaiti, na daktari mkweli atakuambia hivyo bila kuulizwa.

Radiesse ni chembechembe za kalsiamu ndani ya jeli, bomba la mililita 1.5. Kwa mwili huzimuliwa kwa maji ya chumvi na dawa ya ganzi, angalau mara mbili ya ujazo wake. Angalia linavyochanganywa: mabomba mawili yanaunganishwa mdomo kwa mdomo na dawa inasukumwa huku na huku kama mara 20, mpaka iwe maziwa mepesi yasiyo na mabonge. Mtu akisukuma mara tatu na kuanza kuchoma, inuka. Mchanganyiko usiolingana, au uliowekwa juu mno kwenye ngozi, huleta vinundu. Na vinundu hivyo haviyeyushwi na ile dawa inayoyeyusha jeli za kujaza midomo.

Sculptra huja kama unga mkavu, miligramu 150 kwa chupa. Huongezwa maji safi ya sindano, na kwa mwili huzimuliwa zaidi kuliko kwa uso. Baada ya kuchomwa unakanda mwenyewe: dakika 5, mara 5 kwa siku, siku 5. Wengi huacha siku ya pili kwa sababu panauma, kisha wanalalamika vinundu.

Alama za kalamu zipigwe umesimama. Ukilala vishimo vingi vinapotea, na anayepiga alama umelala anakisia. Kama kuna vishimo vichache virefu, daktari anaweza kukata uzi wenyewe kwa sindano yenye makali baada ya kutia ganzi iliyochanganywa na adrenalini. Hapo asubiri dakika 10 hadi 15 mishipa ibane, na baada ya kukata akandamize kwa nguvu dakika kadhaa. Akiharakisha, damu itajikusanya chini ya ngozi. Kwa ngozi nyeusi hili ni zito zaidi, kwa kuwa vilio la damu huweza kuacha doa linalokaa muda mrefu kuliko kishimo chenyewe.

Sindano za kuyeyusha mafuta tunazikataa kwa selulaiti. Asidi ya deoksikoliki iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Makalioni, mafuta yakipungua ngozi inalegea na vishimo vinazidi. Mbaya zaidi ni michanganyiko isiyo na jina inayouzwa mitandaoni. Ikichanganywa bila usafi huingiza bakteria wa majini, jamaa wa wale wa kifua kikuu: uvimbe mgumu hutokea wiki kadhaa baadaye, antibiotiki za kawaida hazisaidii, na tiba huchukua miezi. Silikoni ya maji usiiguse kabisa. Ikiingia kwenye mshipa husafiri hadi mapafuni.

Usichomwe ukiwa mjamzito au unanyonyesha, una maambukizi ya ngozi, au makovu yako huota nje. Vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E simamisha wiki moja kabla. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila idhini ya aliyekuandikia. Jina la daktari litafute kwenye orodha ya baraza la madaktari; dawa yenyewe iulizie TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Tanzania, au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya.

Maumivu makali yenye weupe au michoro kama wavu kwenye ngozi ni mshipa ulioziba: rudi saa hiyohiyo. Ukishindwa kupumua, nenda hospitali moja kwa moja. Joto, uwekundu na homa baada ya siku ya tatu visisubiri kesho.

Usikubali mzunguko wa pili wa dawa za kukaza ngozi kabla ya wiki 4 hadi 6. Kolajeni inajengwa polepole, kwa hiyo picha ya kulinganisha ipigwe miezi mitatu baada ya sindano, chini ya taa ileile ya juu, misuli ikiwa imelegea vilevile.