Kukagua simu ya kalamu ya mtumba kabla hujalipa

Simu kubwa ya kalamu inayouzwa Mwanga au Ujiji, Kigoma, kwa bei ya mtumba, iwe Samsung Galaxy Note 9 ya 2018, Note 20 Ultra ya 2020 au S23 Ultra ya 2023, ina kitu ambacho simu nyingine hazina na ambacho muuzaji hakuonyeshi: karatasi nyembamba yenye nyaya, iliyolazwa nyuma ya kioo. Kidole kinasomwa na tabaka la mbele. Kalamu inasomwa na hiyo karatasi ya nyuma. Ndiyo maana simu inaweza kupokea kidole vizuri, ikapiga picha safi na kucheza video, halafu kalamu isiandike hata nukta. Anza na kalamu, mengine yatafuata.

Vua kava kwanza, hasa lile la kufunga kama kitabu. Kalamu hii na simu huwasiliana kwa uga wa sumaku, na sumaku ndogo ya kava inatosha kuua sehemu ya kioo kwa muda. Usijaribu juu ya meza yenye spika pia. Fungua Samsung Notes, ukurasa mtupu, wino mweusi, mstari mwembamba. Chora mshazari kutoka kona hadi kona, polepole, bila kunyanyua kalamu, kisha mwingine wa kuukata. Malizia na mistari ya kulala kutoka juu hadi chini, kila mmoja ukiachana na mwenzake kwa upana wa kidole.

Sasa soma ulichochora. Kama kalamu haiandiki popote na kidole kinafanya kazi, huenda kioo kimebadilishwa. Vioo vingi vya kopi huja bila ile karatasi ya nyuma. Au imo, ila fundi hakuurudisha mkanda wake (waya bapa unaoiunganisha na simu) mahali pake. Tatizo la mkanda linatibika kwa kufungua simu, lakini la kopi halina dawa ila kioo halisi, ambacho kwenye simu hizi ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi. Ukiwa dukani huwezi kujua ni lipi, hivyo thamini simu hiyo kama isiyo na kalamu, au iache.

Kama mstari unakatika sehemu ileile kila ukipita, nenda mita mbili kutoka hapo ulipo ujaribu tena, maana huenda kuna sumaku karibu. Ukiendelea kukatika, huenda karatasi imebonyea kwa kuanguka au kwa betri iliyovimba. Igeuze simu uangalie ukingo wa mgongo: kukiwa na mwanya unaopitisha ukucha, gundi imeachia. Ama simu ilishafunguliwa, ama betri inausukuma mgongo. Betri iliyovimba isichajiwe tena.

Kama inaandika pale tu unapokandamiza, usiogope. Mara nyingi ni ncha iliyolika. Ivute kwa kibano, weka mpya ya toleo hilohilo la kalamu. Kisha chagua kalamu ya brashi na uandike ukianza kwa wepesi na kumalizia kwa nguvu. Tangu Note 8 kalamu hutambua viwango 4,096 vya mkandamizo, kwa hiyo mstari unene taratibu, usiruke ghafla.

Kuna jambo wauzaji na wanunuzi wengi hulichanganya. Kuandika hakuhitaji chaji kabisa, ila kitufe cha kalamu kupiga picha kwa mbali kinahitaji. Uwezo huo ulianza na Note 9, ambayo kalamu yake hujaa kwa sekunde 40 tu ikiwa ndani ya simu na kudumu kama nusu saa. Iingize, subiri dakika moja, fungua kamera, rudi hatua tano, bonyeza. Ikikataa, huenda chaji ya kalamu imekufa au kalamu ni kopi. Usiitafute kazi hiyo kwenye Note 8 wala S25 Ultra ya 2025. Kalamu za simu hizo mbili hazina bluetooth. Na kalamu iliyotengenezwa kwa Galaxy Fold, simu ya kukunja, haiandiki kwenye simu hizi, hata ikifanana na kalamu zao.

Kioo chenyewe kikague kwa kupiga *#0*#. Rangi nyekundu, kijani na buluu hujaza kioo kizima, na alama za kibodi zilizoungua au mstari wa kijani huonekana hapo hapo. Mstari huo haufutiki kwa kuwasha upya wala kwa kusasisha programu. Muuzaji akikwambia utaisha wenyewe, usimsikilize.

Kamera ya kuvuta mbali isijaribiwe ndani ya duka. Kwenye mwanga hafifu simu hukuza picha ya kamera kuu badala ya kutumia lenzi ya mbali, na hutajua. Toka nje, elekeza ziwani kwenye boti iliyo mbali, chagua ukuzaji wa 10x kwenye S22 Ultra au S23 Ultra (5x kwenye S24 Ultra), kisha ziba lenzi moja moja kwa kidole. Picha ikizimika ulipoziba ile lenzi ya mraba, lenzi ya mbali ni nzima.

Mwambie muuzaji atoe akaunti zake za Google na Samsung, kisha afute simu kupitia mipangilio, mbele yako. Iwashe, iunganishe na intaneti. Ikidai akaunti ya zamani au kuonyesha ujumbe wa deni la mkopo, mrudishie. Weka laini yako upige, kwa sababu baadhi ya simu kutoka Marekani zimefungwa kwa mtandao mmoja. Mwisho piga *#06#, na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu Tanzania. Jibu lazima litaje simu unayoishika.

Ukishainunua, faida yake kubwa kwa mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi ni hii: matone ya maji huvuruga kidole, kalamu hayaigusi. Simu ikiwa imezimwa kioo, chomoa kalamu, andika magunia na majina kwenye kioo cheusi, irudishe kalamu. Maandishi yanahifadhika yenyewe Samsung Notes. Lakini kabla ya kuirudisha, ipanguse, toa mchanga na magamba. Mchanga ukijaa ndani ya tundu, kalamu haiingii hadi mwisho, na simu inaweza kuamini kalamu iko nje. Mchanga ukiingia, elekeza tundu chini na gonga mgongo kwa kiganja. Usichokonoe kwa pini. Na usiizamishe ziwani kwa kuamini IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji: kipimo hicho ni mita 1.5 kwa dakika 30 kwenye simu mpya, na gundi iliyowahi kufunguliwa haina kipimo tena.