Kuhamia simu mpya bila kupoteza kitu na bila kumaliza bando

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Katonga, hapa Kigoma, aliniletea simu mbili jioni. Moja ya zamani, kioo kimepasuka, na nyingine mpya, bado iko kwenye boksi. Alfajiri yake mpwa wake alikuwa anapanda boti Kibirizi kwenda Kagunga, na ile ya zamani ilitakiwa kuondoka naye. Nikahamisha majina, nikahamisha picha, nikaifuta ya zamani, nikamkabidhi. Usiku akanipigia: "Mwanangu, sauti zangu ziko wapi?"

Kumbe madeni yake hakuwa anayaandika daftarini. Alikuwa anajitumia sauti mwenyewe kwenye WhatsApp, kwa ile njia ya kujiandikia ujumbe iliyoletwa mwishoni mwa 2022. Fulani kachukua gunia mbili, fulani kalipa nusu. Bakapu, yaani nakala ya akiba, haikuwahi kufanywa hata siku moja. Wadaiwa wengine walikumbuka wenyewe wakalipa, wengine hawakukumbuka.

Kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hakuna simu inayofutwa kwenye meza yangu hapa Mwanga kabla ya kupita utaratibu ninaouandika hapa. Unaweza kuufanya mwenyewe nyumbani, huhitaji fundi. Unachohitaji ni simu zote mbili, chaji, na saa mbili hivi bila haraka. Ninazungumzia Android kwa kuwa ndizo zinazokuja mezani kwangu kwa wingi. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, kwa hiyo usishike neno, shika maana yake.

Kabla ya kugusa chochote

Chaji zote mbili zipite nusu. Simu ikizima katikati ya kuhamisha chati unarudi mwanzo.

Kama waya wa chaji unashika na kuachia, usikimbilie kununua mwingine. Zima simu, mulika tundu la chaji kwa tochi. Watu wanaoanika dagaa mchangani, wanaokaa mwaloni, wanaobeba simu mfuko mmoja na sarafu, matundu yao hujaa mchanga na nyuzinyuzi za nguo zilizoshindiliwa kila waya unapochomekwa, mpaka waya haufiki mwisho. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kikavu, chokonoa taratibu pembeni, usikandamize katikati. Usitumie sindano wala pini, maana mle ndani mna vijino vidogo vya chuma vinavyopitisha umeme, na chuma kingine kikivipinda au kuviunganisha umeua simu. Usipulize kwa mdomo pia, unaingiza mate. Simu nyingi ninazoletewa zikisemwa "sistimu chaji imekufa" huondoka zimepona kwa kijiti tu. Ukiona kutu ya kijani, hapo mpelekee fundi.

Simu mpya ukiinunua kwa mtu mkononi, kabla hujatoa pesa bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuhakiki simu, utajibiwa ni ya aina gani na modeli gani. Jibu likisema simu nyingine kabisa na iliyo mkononi mwako, mrudishie mwenyewe. Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima, na waliozinunua ndio waliopata hasara. Waliowauzia walishaondoka.

Jambo jingine letu la Kigoma ni simu zinazovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Zinakuja zikiongea Kifaransa na mtu anadhani ina tatizo. Tafuta alama ya gia, pameandikwa Paramètres, ingia Système, kisha Langues, ongeza Kiswahili na ukivute juu kabisa ya orodha.

Mwisho, hakikisha unaijua akaunti ya Google iliyomo kwenye simu ya zamani pamoja na nywila yake. Iandike kwenye karatasi sasa hivi. Wengi walifunguliwa akaunti dukani na muuzaji na hawajui hata inaitwaje. Kama nywila huijui, ibadilishe sasa ukiwa bado na simu iliyo ndani ya akaunti hiyo. Kesho itakuwa kazi ngumu.

Hatua ya kwanza: majina

Usiyapeleke kwenye laini. Najua ndivyo tulivyozoea, ila laini nyingi hubeba majina kama 250 tu, jina refu hukatwa, na mtu mwenye namba tatu hugeuka watu watatu. "Mama Asha Dagaa Tabora" anabaki "Mama Asha Dag", na Mama Asha unao wanne.

Fungua sehemu ya majina, nenda kwenye mipangilio yake, tafuta pa kutoa nje majina. Simu itatengeneza faili moja lenye herufi vcf mwishoni. Kabla ya kubonyeza, angalia inachukua kutoka wapi. Majina yako huenda yamegawanyika, mengine kwenye simu, mengine kwenye laini, mengine kwenye akaunti ya Google. Chagua yote. Faili hilo hata kwa majina mia tano ni dogo sana, dogo kuliko picha moja. Litume simu mpya kwa blututhi, lifungue kule, kubali kuingiza, na uchague yahifadhiwe kwenye akaunti ya Google. Siku simu ikidondoka ziwani, majina yatakuwa yamebaki kwenye akaunti hiyo.

Sasa hesabu. Simu ya zamani ina majina mangapi, mpya mangapi? Idadi ikipishana, rudia kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya pili: picha na video

Hapa ndipo watu hupoteza bando bure. Nimeona mtu anajitumia picha moja moja kwa WhatsApp kutoka simu kwenda simu, na kila picha inafika imefifia kwa sababu WhatsApp huibana. Kwa blututhi nako, video za harusi za gigabaiti nne zitakula saa kadhaa.

Tumia Quick Share. Iko ndani ya Android nyingi, zamani ikiitwa Nearby Share, jina likabadilishwa Januari 2024 Google na Samsung walipoziunganisha huduma zao. Simu hutafutana kwa blututhi, zikishakutana zinarushiana mzigo kwa waifai ya zenyewe kwa zenyewe. Haitaki intaneti. Ukitaka kuwa na uhakika, zima data kabisa kwenye simu zote mbili na itafanya kazi vilevile.

Telezesha kidole kutoka juu ya kioo ushushe vitufe vya haraka. Washa waifai, blututhi na mahali ulipo kwenye simu zote mbili. Kwenye simu mpya bonyeza Quick Share, ruhusu kuonekana na watu wote kwa muda. Kwenye ya zamani ingia kwenye picha, chagua, bonyeza alama ya kushiriki, kisha Quick Share, usubiri jina la simu mpya litokee. Simu mpya inakuuliza, unakubali.

Usichague picha elfu tatu kwa mkupuo. Tuma mia mbili mbili au folda moja moja, maana ikikatika katikati utajua ulipofikia. Ukimaliza rudisha mpangilio wa kuonekana uwe wa vifaa vyako tu. Kituoni au sokoni hutaki mtu usiyemjua akurushie faili.

Kama simu zote mbili zina sehemu ya memori kadi, hiyo nayo ni njia nzuri na rahisi. Nakili, usihamishe. Ukihamisha na kadi ikafa, umekosa pote.

Hatua ya tatu: WhatsApp

Hapa twende polepole.

Watu wengi wanaamini kwamba chati zinakaa kwenye laini, kwa hiyo ukihamisha laini na chati zinakuja. Hapana. Chati zinakaa ndani ya simu. Laini inathibitisha tu kwamba namba ni yako. Ipo njia ya kuzihifadhi kwenye akaunti ya Google, ila inakula bando kupanda na kula tena kushuka, na tangu 2024 bakapu hiyo inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure ambazo huenda picha zako zimeshazijaza.

Tangu katikati ya 2023 WhatsApp wameweka njia ya kuhamisha moja kwa moja, simu kwa simu, kwa msimbo wa QR, ile picha ya mraba yenye vidoto inayosomwa kwa kamera. Masharti yake ni haya: namba iwe ileile, simu zote mbili ziwe za aina moja, yaani Android kwa Android au iPhone kwa iPhone, zikae karibu, na waifai iwe imewashwa kwenye zote mbili. Kuvuka kutoka Android kwenda iPhone kuna utaratibu wake tofauti, usitumie huu.

Kwanza pakua WhatsApp kwenye simu mpya, lakini usijiandikishe bado. Hapo tu, na kwenye kuthibitisha namba, ndipo bando litatumika.

Pili, chukua simu ya zamani. Ingia WhatsApp, mipangilio, sehemu ya chati, shuka utafute pa kuhamisha chati, bonyeza kuanza. Kamera inafunguka kusubiri msimbo. Iweke mezani hivyohivyo.

Tatu, chukua mpya. Kubali masharti, andika namba yako. Msimbo wa tarakimu sita utaingia kwa ujumbe mfupi kwenye simu yenye laini. Kama laini iko kwenye ya zamani, usome ukitokea juu ya kioo bila kufunga kamera. Msimbo huo ni wa macho yako peke yako. Akipiga mtu akijitia ni wakala au mtoa huduma akiuomba, kata simu. Kama uliwahi kuweka PIN ya WhatsApp, utaulizwa pia.

Nne, simu mpya itakuuliza kama unataka kuleta chati kutoka simu ya zamani. Hapa ndipo watu huharakisha wakabonyeza kuruka. Usiruke. Bonyeza kuanza, kubali ruhusa zote inazoomba, na msimbo wa QR utatokea kwenye kioo.

Tano, mulika msimbo huo kwa ile kamera iliyokuwa inasubiri. Kubali mwaliko wa kuunganishwa, kisha usizishike simu. Usijibu ujumbe, usipokee simu, usiondoke na moja kwenda dukani. Chati za miaka mitatu zinaweza kuchukua dakika nyingi. Ikigoma, angalia kama hotspoti (ya kugawa intaneti) au VPN (programu inayopitisha intaneti njia nyingine) imewashwa, izime, uanze tena.

Orodha ya simu ulizopiga na kupokea ndani ya WhatsApp haihamishwi, kwa hiyo usishtuke ukiikuta tupu. Ila ujumbe, picha na sauti vinakuja. Usiamini kwa kuona majina juu. Ingia kwenye chati ya zamani kuliko zote, panda mpaka juu, cheza sauti moja usikie inaongea. Ingia kwenye chati yako mwenyewe kama unajitumia ujumbe. Mimi siku hizi namwambia mteja aicheze yeye, aniambie "hii ndiyo".

Hatua ya nne: laini na pesa

Pesa haziko kwenye simu. Salio la M-Pesa au Airtel Money liko kwa mtandao na linafuata laini. Zima simu, itoe laini mwenyewe kwa mkono wako, iweke kwenye mpya, washa, kisha angalia salio kwa menyu uliyoizoea: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Ukitumia programu ya mtandao wako badala ya menyu, utajiandikisha upya kwenye simu mpya. Namba ya siri usimpe fundi yeyote, hata mimi. Hakuna kazi ya fundi inayohitaji namba ya siri ya pesa.

Hatua ya tano: ngoja siku saba

Simu ya zamani iweke kabatini bila laini, imezimwa, haijafutwa. Ndani ya wiki hiyo utakumbuka kitu: ujumbe mfupi wa kiwanja, noti uliyoandika, sauti uliyorekodi kikaoni, picha ya cheti iliyokuwa kwenye folda ya vipakuliwa na wala si kwenye picha. Kila ukikumbuka, washa, kirushe kwa Quick Share, zima.

Mwenye kupewa simu akikuharakisha, mwambie boti iko na wiki ijayo.

Hatua ya sita: kuifuta

Watu hupenda kuifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, ile wanayoiita "hard reset". Usifanye hivyo. Tangu Android 5.1 kuna kinga ya wizi. Ukiifuta kwa njia hiyo akaunti ya Google ikiwa bado imo, simu ikiwaka inadai akaunti ileile, na mpwa wako yuko Kagunga na karatasi ya nywila iko kwako.

Ingia mipangilio, akaunti, ondoa akaunti ya Google kwanza. Rudi kwenye mipangilio, mfumo, tafuta pa kufuta data zote. Toa memori kadi kabla ya kubonyeza. Simu itazima, itawaka, itakaa kwenye nembo kwa muda. Ikifika kwenye kioo cha kukaribisha, bonyeza mbele mara mbili tatu mpaka uhakikishe haidai akaunti ya mtu. Izime hapohapo, atakayeipokea ataichagulia lugha mwenyewe.