SOMO: Waya wa ardhini wa kumzuia mbwa (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, swali la jinsi ya kufunga waya wa ardhini ili mbwa asitoke kiwanjani nimelijibu hadi vidole vimechoka. Naliweka hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii zile nyaya za juu ya ukuta zinazomrusha mwizi. Huu ni waya unaofukiwa kuzunguka kiwanja. Transmita iliyo ndani ya nyumba inaupitishia mawimbi ya redio, na mbwa anavaa kola inayoyanasa. Akisogelea mpaka, kola inalia. Akizidi kwenda, inampiga shoti ndogo.

1. Chora kiwanja kwenye karatasi. Waya unatoka kwenye transmita, unazunguka, unarudi pale pale. Kiwanja cha mraba cha ekari moja kinakula mita 255 hivi.

2. Transmita ikae ndani, pakavu, karibu na soketi.

3. Laza waya juu ya ardhi, ujaribu, ndipo ufukie. Kona zipinde kwa mviringo. Ukikutana na waya wa umeme wa nyumba, uvuke kwa msalaba, usitembee nao sambamba.

4. Kipande cha kutoka kwenye mzunguko hadi ndani: nyaya mbili zisokotwe pamoja, misokoto 10 hadi 12 kila sentimita 30. Hapo mawimbi yanafutana na mbwa anapita salama.

5. Maungio yafungwe yasiingie maji. Tepu peke yake masika haivuki.

6. Kola: ncha zote mbili za chuma zinazopitisha shoti ziguse ngozi, kidole kimoja kipite chini yake. Asiivae zaidi ya masaa 12 kwa siku, na shingo ikaguliwe kila jioni. Inayokaa usiku na mchana inachimba kidonda.

7. Mafunzo. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kisha wanasema mtambo ni mbovu. Waya haumzuii mbwa. Kinachomzuia ni alichofundishwa. Chomeka bendera ndogo pale kola inapoanzia kulia. Siku za mwanzo zima shoti, acha mlio tu, mbwa awe kwenye kamba ndefu. Mlio ukitoka, geuka naye mara moja, rudini katikati, mpe kipande cha nyama. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Akishageuka mwenyewe bila kuvutwa, washa shoti ya chini kabisa anayoihisi. Kisha mjaribu kwa vishawishi: mpira, mbuzi wa jirani, mtoto anayekimbia nje. Wiki mbili ni kima cha chini. Bendera ziondolewe moja moja.

ONYO: Usimburute mpakani "aonje". Mbwa asiyejua shoti imetoka wapi hukimbilia mbele, na akishatoka anaogopa kurudi. Mwingine anaogopa hata kutoka barazani. Akipigwa huku anamtazama mpita njia, anaweza kumchukia mpita njia. Na ukimtoa matembezi au kwenye gari, mvue kola kwanza.

MASWALI

Chui wa Tengeru: Bei gani mkuu, na unaletewa?
— Siuzi.

Bwana Kasi: Nikiweka shoti kubwa siku ya kwanza si ataelewa haraka?
— Namba 7. Hukusoma.

Mama Simba: Nimefuata yote. Wangu ni mwenye manyoya mengi. Anasimama, anapima, halafu anachomoka kwa kasi na kupita.
— Swali zuri, dada. Kuna mambo mawili. Manyoya yanazuia ncha kugusa ngozi: punguza pale shingoni au weka ncha ndefu. Pili, eneo la mlio ni jembamba, anaruka kabla kola haijafanya kazi. Lipanue kwenye transmita, kisha tembea umeishika kola kwenye kimo cha shingo yake usikilize inapoanzia.

Mpole: Umeme ukikatika?
— Hakuna uzio. Weka betri ya akiba.

Jirani Mwema: Mbwa koko wataingia?
— Wataingia, hawana kola. Kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka iko pale pale.

Daktari Kijana: Si ukatili huu?
— Wales walipiga marufuku kola za shoti mwaka 2010, hoja unayo. Mwenye uwezo wa ukuta ajenge ukuta. Nimeandika kwa wenye kiwanja kikubwa au cha kupanga.

Fundi Redio: Waya ukikatika msichimbe kiwanja kizima. Ungeni koili ndogo kwenye transmita, pale ncha mbili za waya zinapochomekwa, washeni redio ya AM chini kabisa ya masafa, mfuate waya. Mngurumo unapokatika, chimba hapo.
— Hii nilikuwa siijui. Asante.

Mama Simba: Na fuko wanaotafuna?
— Upitishe waya ndani ya mpira chakavu wa kumwagilia. Plastiki haizuii mawimbi. Bomba la chuma linazuia.