Siagi ya karanga toka Dodoma mpaka Dar bila nauli kukumaliza

Jamani tunaotengeneza siagi ya karanga hapa Dodoma, kabla hujapandisha bei kamata mzani kwanza. Pima chupa tupu ya kioo na kifuniko chake. Yangu ilikuwa gramu 200 na ndani naweka gramu 400 tu, yaani chupa 500 ni kilo 100 za kioo nazilipia nauli kilomita kama 450 hadi Dar, kioo hata hakiliwi!

Nikahamia kwenye vifuko vya kusimama vyenye zipu, kimoja hakifiki hata gramu 15, havipasuki na vinapangika vizuri boksini. Ila usikimbilie nailoni laini ya sokoni, mafuta ya karanga yakipata hewa na mwanga yanachacha, chukua chenye foili ndani, jaribu na vichache kwanza uviache wiki kadhaa kwenye joto letu hili uone kama vinavuja, na usisahau lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Boksi nalo likatwe saizi ya mzigo, nafasi tupu unailipia bure.

Usafiri sasa. Acha kutuma boksi mojamoja kwenye basi kila oda ikiingia, kusanya za wiki nzima, ungana na wenzako wa alizeti au asali, halafu tafuteni lori lililoshusha mzigo huku na linarudi Dar tupu, dereva hapo anapunguza bei mwenyewe maana dizeli atachoma tu. Mpatane kabla ya kupakia lakini, sio mzigo ukiwa juu.