Kupima hewa ukaa ya nyumbani na watoto wa darasa la tano: mizani, LUKU na daftari

Nafundisha hisabati shule ya msingi hapa Temeke. Kila mwaka darasa la tano wakifika kwenye desimali na asilimia, nawapa kazi ya wiki mbili: wapime hewa ukaa inayotoka nyumbani kwao, halafu waipunguze. Kabla ya kuanza nawauliza ni kitu gani nyumbani kinatoa nyingi zaidi. Karibu wote hujibu "taa", kwa sababu ndiyo wanayoambiwa wazime kila siku. Siwasahihishi. Nataka hesabu iwajibu.

Hatua ya 1: Wape namba chache za kuzidishia

Waandike nyuma ya daftari: kilo 1 ya mkaa hutoa takribani kilo 3 za hewa ukaa. Kilo 1 ya gesi ya mtungi, nayo kilo 3. Lita 1 ya petroli, kilo 2.3. Lita 1 ya dizeli, kilo 2.7.

Hapo lazima mtoto mmoja ainue mkono: mwalimu, kilo moja itatoaje kilo tatu? Usilipite swali hili. Mkaa ukiungua, kaboni yake inashikana na oksijeni ya hewani. Kila gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni, zinakuwa 44. Wagawe 44 kwa 12, watapata 3.67. Mkaa si kaboni tupu, ni kama asilimia 80 hivi, basi 0.8 × 3.67 ni 2.9, tunakadiria 3. Wakishaipata wenyewe hawaisahau.

Umeme wa gridi unatoka kwenye maji, kama Bwawa la Julius Nyerere, na kwenye gesi asilia, kama mitambo ya Kinyerezi. Wa maji hutoa kidogo mno, wa gesi karibu nusu kilo kwa uniti (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Sisi tunatumia 0.5 kwa kila uniti, yaani tunauhesabia umeme kiwango cha juu makusudi.

Hatua ya 2: Pima mkaa

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Mzazi anatenga mkaa wa siku nzima kwenye beseni asubuhi. Mtoto anapima beseni tupu kwanza, kisha beseni na mkaa, anatoa. Asiye na mizani nyumbani aende kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, wengi wanakubali ukiomba vizuri. Jioni anapima mkaa uliobaki, pamoja na ule uliozimwa jikoni, na anatoa tena.

Mwaka wa kwanza binti mmoja aliniletea daftari: siku zote mkaa uliobaki ni kilo 0.4, siku ya Alhamisi 0.9, na chakula ni kilekile, ugali na maharage. Nikadhani kakosea kusoma mizani. Tulipoulizana vizuri, kumbe Alhamisi mama yake aliuzima kwa maji. Mkaa ulikunywa maji, akapima maji. Tangu hapo sharti ni hili: mkaa uzimwe kwa kufunikwa na sufuria kuukuu au kwa majivu makavu, mtu mzima ndiye azime, na upimwe ukishapoa kabisa. Auzimie nje. Jiko la mkaa si salama ndani ya chumba kilichofungwa, hata likionekana limefifia.

Wenye gesi kazi yao ni nyepesi: andika kwa chaki kwenye mtungi tarehe ulipofungwa, na tarehe ulipoisha. Mtungi wa kilo 6 uliokaa siku 24: 6 × 3 ni 18, kisha 18 ÷ 24, sawa na kilo 0.75 za hewa ukaa kwa siku.

Hatua ya 3: Soma LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla

Jumapili hadi Jumapili, saa ileile. Uniti zilizobaki hupungua, kwa hiyo: za mwanzo, jumlisha zilizonunuliwa, toa za mwisho. Kosa la kawaida ni kusahau zilizonunuliwa katikati ya wiki.

Hatua ya 4: Safari

Fupi tu. Daladala ya dizeli inayokwenda kilomita 5 kwa lita ikiwa na abiria 30: 2.7 ÷ 5 ÷ 30, ni gramu 18 kwa abiria kila kilomita. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita na abiria mmoja ni gramu 58 hivi.

Hatua ya 5: Linganisha

Taa nne za wati 9, saa 5 kila siku, kwa wiki ni uniti 1.26, yaani kilo 0.63. Nyumba inayotumia kilo 1 ya mkaa kwa siku ni kilo 21 za hewa ukaa kwa wiki. Wagawe: zaidi ya mara 33. Darasa hunyamaza hapo. Na bado hatujahesabu miti iliyokatwa wala moshi wa tanuri la kuchomea mkaa. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034.

Hatua ya 6: Punguza, kisha pima tena

Mtoto asiende kumwambia mama kwamba anaharibu mazingira. Mama anapikia alichonacho. Mtoto aombe kujaribu, na apeleke hesabu ya shilingi kwa bei ya mkaa ya mtaani kwao. Hiyo inasikilizwa haraka.

Mambo yaliyotusaidia: kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria, kukatakata mkaa na kupanga mapishi yafuatane jiko likiwa limewaka, kuuzima mara chakula kikiiva. Anayeweza kununua jiko banifu, lile linalotumia mkaa kidogo, anunue.

Wiki ya pili binti yule wa mizani alishuka kutoka kilo 7 za mkaa hadi 5.6. Aliandika ubaoni mwenyewe: 1.4 ÷ 7 ni asilimia 20. Mara 3, kilo 4.2 za hewa ukaa kwa wiki. Mara 52, kilo 218.4 kwa mwaka. Halafu akaniuliza kama anaweza kwenda kupima na kwa bibi yake, Mbagala.