Somo: Maji kwanza, taa baadaye, kwenye tangi la mimea

Ndugu zangu, malalamiko yanayonifikia kuhusu matangi ya samaki yenye mimea ya majini yanafanana sana. Mimea imedumaa, mwani umeshika kioo na majani, na mwenye tangi ameshafunga taa kali zaidi akidhani ndiyo dawa. Leo naomba tuanzie upande wa pili: turekebishe mwendo wa maji, tukimaliza ndipo tuguse taa.

Sababu ni hii. Mmea uliozama hula kwa mizizi na kwa majani pia, na unachokosa mara nyingi ni hewa ukaa iliyoyeyuka majini. Hewa hiyo husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake hewani. Tena kila jani limevikwa utando mwembamba wa maji yaliyotulia. Mmea ukimaliza kilichomo kwenye utando huo, unabaki kungoja. Mkondo ukipita juu ya jani, utando unapungua unene na maji mapya yanafika. Taa nayo ndiyo inayopandisha njaa ya mmea. Ukipandisha njaa kabla ya kufungua njia ya chakula, mmea unadhoofika na mwani unakaa juu ya majani yake.

Hatua ya 1: Pima mwendo ulio nao
Namba iliyoandikwa kwenye kasha la filta kwa kawaida hupatikana filta ikiwa tupu, bila sponji wala uchafu, kwa hiyo pima mwenyewe. Kinga maji yanayotoka kwenye bomba la filta kwa chombo cha lita 1 na uhesabu sekunde. Kikijaa kwa sekunde 12, una lita 300 kwa saa. Tangi la lita 60 hapo linazungushwa mara 5 kwa saa, na kwa tangi lisilopulizwa hewa ukaa hicho ni kiwango kizuri. Wanaopuliza kwa mtungi wengi hufika hadi mara 10.

Hatua ya 2: Tafuta maji yaliyolala
Namba yaweza kuwa nzuri na pembe moja ya tangi bado ikawa imekufa. Tazama majani. Yanatakiwa kutikisika kidogo, kama shamba linalopitiwa na upepo mwanana. Yakiwa yameinama upande mmoja muda wote, mkondo ni mkali mno. Mahali yasipotikisika kabisa, na uchafu ukirundikana juu ya changarawe, maji yamelala. Saga chembe chache za chakula cha samaki ziwe laini, zidondoshe mbele ya bomba, kisha zifuatilie kwa macho hadi zitue. Jaribio hili dogo limenifundisha kuliko kipimo chochote nilichowahi kushika.

Hatua ya 3: Elekeza bomba
Maji yatoke karibu na juu, yafuate upande mrefu wa tangi, yagonge kioo cha mbali, yashuke, kisha yarudi chini yakipita katikati ya mimea hadi kwenye bomba la kunyonya. Ndiyo maana napenda bomba la kunyonya na la kutolea maji yakae upande mmoja. Gogo au jiwe kubwa likikata njia hiyo, lisogeze kabla ya kuongeza pampu ya pili.

Uso wa maji utikisike bila kurusha matone. Hapa nakaza sana. Taa zikizimwa, mimea huacha kutoa oksijeni lakini huendelea kuivuta, sawa na samaki. Ukiwakuta samaki alfajiri wakihema juu ya maji, ongeza mtikisiko siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Suuza sponji
Tumia maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya maji ya bomba huua bakteria wanaosafisha tangi. Kisha acha wiki moja ipite.

Hatua ya 5: Sasa taa
Tangi jipya lipewe saa 6 kwa siku, kwa taima, kwa muda ule ule kila siku. Baada ya wiki nne hadi sita, majani mapya yakitoka yenye afya na kioo kikiwa safi, ongeza nusu saa kila wiki, ukomee saa 8. Rangi ya mwanga isikusumbue. Nyeupe ya Kelvini 6,500 inatosha. Anubiasi, kriptokorini na makangaga ya Java huridhika na mwanga hafifu. Mimea myekundu na ile ya kutandika kama zulia huhitaji zaidi, na hapo hewa ukaa ya mtungi karibu inakuwa lazima. Taa isiyo na kipunguza mwanga inyanyue juu zaidi ya maji. Jua la dirishani nalo ni taa, lihesabu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina samaki aina ya beta mwenye mapezi marefu. Mkondo ukizidi anasukumwa hadi anachoka. Nifanyeje?
Jibu: Mpe samaki kipaumbele. Geuza bomba ligonge kioo cha nyuma, au vika mdomo wake sponji. Beta huvuta pia hewa ya juu ya maji, hivyo hahitaji mtikisiko mkubwa. Kwenye tangi hilo panda anubiasi na makangaga ya Java, na taa iwe ndogo.

Swali: Uso wa maji ukitikisika, si hewa ukaa inatoroka?
Jibu: Swali zuri. Kama hupulizi, mtikisiko unakusaidia: mimea ikiishusha hewa ukaa chini ya kiwango cha kawaida, nyingine huingia kutoka hewani. Kama unapuliza, ni kweli utapoteza kiasi. Ongeza mapovu ya hewa ukaa kidogo huku ukiwaangalia samaki. Mimi niko radhi kupoteza gesi kuliko samaki.

Swali: Manyoya meusi yameota kwenye anubiasi iliyo mbele ya filta. Nipunguze mkondo?
Jibu: Hapana. Huo ni mwani wa ndevu nyeusi. Kweli hupenda maji yanayokwenda, lakini hushika zaidi majani yanayokua polepole chini ya mwanga mkali. Kata majani yaliyoharibika, hamishia mmea kivulini na upunguze saa za taa.

Swali: Narudi kazini jioni nakuta taa imeshazimwa. Naweza kuwasha tena?
Jibu: Usiongeze saa, hamisha ratiba. Weka taima iwashe saa 8 mchana na izime saa 2 usiku. Kama una mtungi, ufunguke saa 6 mchana na ufungwe saa 1 usiku.